Mahali pa Uyoga Hapaulizwi

Sehemu ya Sita

Wale mlioniandikia wiki nzima mkidai nimemsingizia Bohumil, kaeni vizuri. Kofia ilikuwa yake.

Ni ile ile ya kijani, yenye beji za chama cha wachuma uyoga, nyingi mpaka ukingo umelala upande mmoja. Vlasta aliiona pale pale tulipomwacha, katikati ya Uwanja Mkuu wa Krakow, saa tano kamili asubuhi. Watalii wote walikuwa wameinua simu kumpiga picha mpiga tarumbeta aliye juu ya mnara wa kanisa. Yeye peke yake alitazama chini, kwa kuwa kiatu kipya kilikuwa kinamchubua kisigino. Alipoinua macho akaiona kofia, na chini ya kofia akamwona mumewe. Kwenye kiwiko cha mumewe kulikuwa na mkono wa mwanamke.

Mume huyo, kwa habari alizoacha nyumbani kwao Vrbovka, ng'ambo ya mpaka upande wa Chekia, alikuwa msituni tangu alfajiri akichuma uyoga.

"Mpigie simu," alisema Ludmila.

Ludmila ameolewa mara mbili na kuachika mara mbili, kwa hiyo kwenye mambo ya waume, wenzake humsikiliza kama daktari bingwa.

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Muulize yuko wapi. Swali tamu ni lile ambalo jibu lake unalo mkononi."

Vlasta akapiga. Upande wa pili wa uwanja kofia ilisimama, mkono ukaingia mfukoni, simu ikatoka.

"Vlasta wangu," ilisema sauti. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekukumbuka tu. Uko wapi?"

"Msituni, niwe wapi tena? Leo uyoga umetoka mpaka raha. Nyie mmefika salama huko Krakow?"

"Tumefika. Mbona nasikia tarumbeta?"

Tarumbeta ilikuwa inalia kutoka juu ya mnara, na ikilia vile vile ndani ya simu. Wimbo ule hukatwa katikati kila saa, ndiyo desturi yake, na safari hii ulikatika kotekote kwa pamoja.

"Wawindaji," alisema Bohumil. "Msimu umefunguliwa leo. Acha nikate simu, wasije wakanipiga risasi."

Akakata. Vlasta akamwona akimwambia yule mwanamke neno, na wote wawili wakacheka, wakaanza kuondoka kuelekea kaskazini mwa uwanja.

Iliuma. Sina namna ya kuipamba. Miaka mingi ya ndoa, mtoto mmoja wa kike, nyumba waliyoipaka rangi kwa mikono yao, vyote vilimjia Vlasta pale pale na vyote vikawa na alama ya kuuliza. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kama mume aliyelala naye ndiye mume aliye naye.

"Tumfuate," alisema Ludmila, na macho yake yaling'aa kuliko inavyomfaa rafiki.

Mwenzao wa tatu, Zdena, hakusogea. Zdena ni mstaafu wa posta, na safari hii ya siku mbili aliipanga yeye kuanzia treni hadi saa za kwenda haja.

"Pole sana, shoga yangu," alisema. "Pole kutoka moyoni. Ila tiketi za kasri ni za saa sita. Ukichelewa mlango unafungwa. Mume utamkuta nyumbani."

"Zdena, mwenzako anaibiwa mume."

"Na kasri nalo limejengwa karne na karne, Ludmila, halafu tuondoke bila kuliona? Watu wa nyumbani tutawaambia nini?"

Nikwambie kwa nini Bohumil alidumu katika uongo wake, maana najua unajiuliza. Vrbovka unaweza kumuuliza mtu mshahara wake. Unaweza kumuuliza anaumwa nini na alimpigia nani kura, na atakujibu mbele ya watu. Lakini humuulizi anachuma wapi uyoga. Kila mchumaji ana mahali pake, hapasemi kwa ndugu wala kwa mke, na wengi wamekufa napo. Mke mwenye adabu humfungia mumewe mkate, humpa kisu na kikapu, humtakia heri, basi. Vlasta ni mke mwenye adabu. Na mumewe si mchumaji hivi hivi, ni mwenyekiti wa chama chenyewe, mtu ambaye kila Jumatatu jioni mji mzima humletea vikapu avikague, aseme upi wa kula na upi wa sumu.

"Kwa hiyo kila Jumamosi ya msimu," alisema Ludmila, "mtu huyu yuko huru kutoka giza mpaka giza, na wewe umekatazwa kuuliza. Hongera kwa waliobuni desturi hiyo. Hakika hawakuwa wanawake."

"Za mwizi ni arobaini," alisema Vlasta, na akaanza kuchechemea.

Kwa kisigino kile wasingefika mbali. Pembeni ya uwanja palikuwa na kigari cha umeme cha kutembeza wageni. Ludmila akamsukuma mwenzake ndani. Zdena, alipoona bei imebandikwa kwa watu watatu, naye akapanda.

"Mfuate yule mwenye kofia ya kijani," Ludmila alimwambia dereva.

Dereva alikuwa Mpoli mnene mwenye sharubu na subira. "Kofia haimo kwenye ratiba, bibi. Tunaanza na nyumba za wafanyabiashara, halafu kanisa, halafu lango la zamani."

"Huyo ni mume wa huyu mama, na yule aliyemshika kiwiko si mkewe."

Dereva alimtazama Vlasta, akavua kofia yake kwa heshima kama mbele ya jeneza, kisha akawasha mashine. Kipaza sauti kikaanza kusema kwa Kicheki safi: karibuni wageni wetu wapendwa katika mji wa wafalme.

"Kizime," alisema Vlasta.

"Hakizimiki. Umelipia na maelezo."

Wakaingia barabara iendayo langoni. Huko mbele kofia ilikuwa inapanda na kushuka katikati ya vikundi vya watalii, kila kikundi nyuma ya mwavuli wake, na kigari kikawa kinakwenda mwendo wa bata. Mbele ya nyumba fulani kikasimama kabisa.

"Twende."

"Hapa ni pa kusimama. Hapa ni pa picha."

"Hatutaki picha."

"Mimi nataka," alisema Zdena, na akashuka, akapiga mbili, moja ya wima na moja ya kulala, akarudi. Kipaza sauti kilikuwa kinaeleza uaminifu wa malkia mmoja kwa mumewe. Ludmila alikitazama kana kwamba kinamsema yeye.

Langoni kikasimama tena. Kwenye ngome ya mviringo kikasimama mara ya tatu, na hapo Vlasta akaanza kulia kimyakimya, uso ukiwa umeelekea ukuta ambao watu wa nchi saba walikuwa wanaupiga picha.

Zdena alikuwa na dawa moja kwa misiba yote. Alifungua mkoba, akatoa mkate wenye kipande cha nyama ya kukaanga, akamkabidhi. Watu wa Vrbovka hawaendi ugenini bila nyama ya kukaanga kutoka nyumbani, hata kama ugenini wenyewe kila dirisha linanukia nyama ya kukaanga.

"Kula kwanza. Huzuni ya tumbo tupu huuma mara mbili."

"Zdena, nafsi yangu haitaki."

"Nafsi haijaulizwa. Nimekaanga tangu jana."

Vlasta akala huku analia. Ilikuwa nzuri, akachukia kwamba ilikuwa nzuri.

Dereva ndiye aliyeinua kidole. "Kofia yako imeingia sokoni, bibi. Soko halimo kwenye ratiba, lakini mimi pia nina dada."

Akakata kona bila kuulizwa tena, kipaza sauti kikiendelea kueleza ngome iliyobaki nyuma.

Soko la Kleparz Jumamosi ni kabichi, maua, jibini la kondoo lililovutwa moshi, na ubishi. Wanawake watatu walijibanza nyuma ya meza ya jibini. Muuza jibini aliuliza wanataka nini. Ludmila akanunua kipande kimoja ili waruhusiwe kujificha.

Na hapo, msomaji wangu, wakamwona mwanamke mwenyewe.

Alikuwa bibi wa miaka sabini, mwenye kitambaa kichwani, aproni ya maua, na goti bovu. Ndiyo maana alikuwa ameshika kiwiko. Bohumil alimkalisha kwenye kiti nyuma ya meza yake, taratibu, mguu ule uliokuwa unamsumbua akauwekea kreti. Juu ya meza kulikuwa na uyoga. Uyoga mnene wa kahawia, uyoga mdogo wa manjano, uyoga uliotungwa kwenye uzi kama shanga.

"Ni huyo?" alinong'ona Ludmila, kama mtu aliyekwenda mechi ikaahirishwa kwa mvua.

"Nikuwekee kama siku zote, bwana Bohumil?" alisema yule bibi.

"Kama siku zote, Bibi Genowefa. Mkubwa kidogo juu, mdogo chini."

"Na wenye funza? Nikupe kiasi gani?"

"Kidogo tu. Jumamosi iliyopita ulizidisha. Mke wangu alikaa nao mpaka usiku akiusafisha, nikamwonea huruma."

"Bila funza hataamini. Msitu gani hauna funza?"

"Haya, niwekee kidogo zaidi."

Kisha Bohumil akatoa mfuko mfukoni mwa koti. Humo mlikuwa na majani makavu ya msonobari na udongo mweusi. Akanyunyiza juu ya kikapu kwa uangalifu, hapa kidogo, pale kidogo, akarudi nyuma hatua moja kutazama kazi yake, akaongeza kidogo pembeni. Mpishi wa hoteli hawezi kuitia chumvi supu kwa mapenzi kama yale.

Vlasta alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, akaziba mdomo kwa jibini. Hakukuwa na mwanamke. Mumewe alikuwa wake, na mwongo wake, na mnunuzi wa mboga. Jiwe lililokuwa kifuani tangu uwanjani likaondoka, na akamshukuru Mungu na watakatifu wote wa kigari.

Halafu akawakumbuka funza.

Aliwakumbuka mmoja mmoja. Jumamosi zote zile, taa ya jikoni, kisu kidogo, mgongo unauma, na mume akiwa amelala kwa uchovu wa msitu. Kumbe walikuwa funza wa kununua. Aliliweka jibini mezani, akatoka mafichoni.

"Wawindaji wamekukosa?" aliuliza.

Mfuko wa majani ya msonobari ulianguka.

"Vlasta. Si mlisema mnaanza na kasri? Si unavyodhani."

"Nilidhani una mwanamke. Kama ningejua una genge la sokoni ningekupa na kapu la vitunguu."

"Huyu ndiye mkeo?" alisema Bibi Genowefa, na akainuka nusu kwa heshima. "Bibi, tangu siku ya kwanza anakusema kwa wema tu."

"Na mimi tangu siku ya kwanza nawasafisha wadudu wako, mama. Keti, goti lako linauma."

Bohumil alivua kofia. Bila ile kofia alikuwa mzee tu mwenye kipara na masikio makubwa, na Vlasta aligundua kwamba hajawahi kumwona hivyo mbele za watu.

"Unakumbuka mwaka tuliooana?" alisema. "Baba yako alinipeleka msituni. Nilipotea, nikarudi na kikapu kitupu. Akaniambia mbele ya kaka zako, mwanamume asiyejua uyoga, kitu gani kingine atajua? Wiki iliyofuata nikapanda treni nikaja hapa. Nilitaka iwe mara moja tu."

"Na ya pili?"

"Ya pili wakanifanya mweka hazina. Ya tatu mwenyekiti. Sasa mwenyekiti angesema lini?"

Vlasta angemsamehe. Naapa mbele yenu, alikuwa ameshaanza, mkono wake ulikuwa njiani kumfuta udongo kwenye shavu. Ni Ludmila aliyeharibu, na safari hii hakukusudia.

"Ngoja kwanza," alisema Ludmila. "Na Jumatatu je?"

"Jumatatu ipi?"

"Jumatatu zote. Nakuletea kikapu changu. Unachukua uyoga, unaukata, unaunusa, unafumba macho. Unasema huu kula Ludmila, huu tupa Ludmila. Unajuaje?"

Bohumil alitazama viatu vyake.

"Unaofanana na wa Bibi Genowefa napitisha," alisema. "Usiofanana natupa. Ndiyo maana wanasema mimi ni mkali."

Ludmila alikaa kwenye kreti bila kuangalia kama ni tupu. Nyanya zikapasuka. Zdena alifanya hesabu ya kimya ya supu zote alizokunywa kwa kibali cha mtu huyu, kisha kwa mara ya kwanza tangu waondoke nyumbani hakutazama saa.

"Hakuna aliyekufa," alisema Bohumil. "Natupa nusu ya kila kikapu. Bora nitupe mzima kuliko nipitishe wa sumu. Mimi si mtu mbaya."

"Na cha Radka?" aliuliza Vlasta.

Radka ni binti yao, yule mmoja. Ameolewa na mtoto wa meya, na jana yake alikuwa ameingia msituni na mumewe, akaja na kikapu kilichojaa ili leo awapikie wakwe zake. Kikapu kile kilipita mikononi mwa Bohumil jioni, sebuleni, meya mwenyewe akiwa amesimama pembeni na glasi ya bia.

"Cha Radka kilikuwa kizuri," alisema Bohumil.

"Ulitupa nusu?"

"Vlasta, meya alikuwa pale."

"Ulitupa kiasi gani?"

"Meya alisema, bwana mwenyekiti, mtu kama wewe hana haja hata ya kuunusa. Nikasema, sina."

"Wote ulifanana na wa huyu mama?"

"Mwingi."

"Sikukuuliza mwingi."

"Kulikuwa na mweupe kiasi," alisema Bohumil, na sauti ikawa ndogo. "Sikuujua. Mzuri kwa sura. Nilidhani kama ungekuwa mbaya usingekuwa mzuri vile."

Bibi Genowefa alifanya ishara ya msalaba.

Vlasta alikuwa ameshatoa simu. Bohumil akamshika mkono.

"Mwambie umeota vibaya," alisema haraka. "Mwambie umesikia redioni, serikali imekataza uyoga mweupe. Chochote, Vlasta. Ukimwambia ukweli Vrbovka yote itajua kabla ya jioni. Nitaingiaje kanisani? Radka atawatazamaje wale watu?"

"Akitaka kujua kwa nini, nimwambie nini?"

"Uongo kidogo tu. Huu wa mwisho."

Vlasta alimtazama, na hapa ndipo nilipompenda mwanamke huyu. Alijua kwamba akisema yeye, mumewe atabaki yule yule wa chini ya kofia mpaka kufa. Akabonyeza jina la binti yao, simu ikaanza kuita, akaiweka kwenye kiganja cha Bohumil.

"Ni mwanao," alisema. "Sema wewe."

Simu iliita. Iliita tena. Bohumil aliishika kama kitu cha moto, akamtazama mkewe, akamtazama Ludmila aliyelowa nyanya. Hakuna aliyemsaidia.

"Baba!" ilisema sauti ya Radka. Nyuma yake zilisikika sahani na vicheko. "Umetoka msituni?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni. Vlasta aliliona likija. Aliona shingo ya mumewe ikilimeza, na liliposhuka macho yake yalijaa machozi.

"Sijawahi kuingia msituni, mwanangu," alisema Bohumil. "Niko Krakow, sokoni. Kila Jumamosi nanunua. Mimi sijui uyoga, Radka. Sijui kabisa, tangu zamani. Kile kikapu chako sikukikagua, nilimwonea haya mkweo. Mwaga hiyo sufuria. Mwaga sasa hivi, baba yako ni mwongo, usiniulize kitu, mwaga."

Alisema yote bila kupumua. Vlasta, ambaye hakupanga, alijikuta amemshika mkono. Mume aliyemtaka tangu saa tano alikuwa huyu hapa.

Kwenye simu vicheko vilikwisha. Kijiko kiliwekwa juu ya sahani.

"Baba," alisema Radka, polepole sana. "Tulikula mapema. Mkwe ana mkutano. Wote tumekula, na simu nimeiweka mezani wakusalimie."

Kiti kikaburutwa. Ikaja sauti ya meya, nzito, ya mtu aliyekwisha kulegeza mkanda kwa kushiba.

"Bohumil," ilisema, "hebu rudia hapo mwisho."